Ukungu wa Kihansi

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa vitu viwili visivyo na undugu. Kuna ukungu unaotanda asubuhi huko Mufindi mpaka dereva wa lori anaendesha taa zikiwaka saa mbili asubuhi, na kuna ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Neno hili hunijia kila ninapokirudia kisa cha chura wa Kihansi, kwa sababu mnyama huyu aliishi kwa ukungu wa kwanza na, kwa dalili zote, akamalizwa na ukungu wa pili. Kati ya kuishi kwake na kumalizwa kwake pana bwawa, megawati 180, safari ya ndege hadi New York na mabomba mengi. Watu wamezoea kukisimulia kama ugomvi wa chura na umeme, na upande unaochagua hutegemea kama kwako taa zinawaka. Nadhani msimulizi wa namna hiyo huanzia katikati ya hadithi.

Mto Kihansi unaanzia nyanda za juu za Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania. Huko juu ni mto wa kawaida tu, unapita kati ya mashamba ya mahindi, miti ya mbao na vinyungu, yaani yale mashamba madogo ya mabondeni yanayolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Halafu unafika kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, na ardhi inakatika. Mto unateremka mita zipatazo 850 kwa mfululizo wa maporomoko ndani ya korongo lenye kuta za mwamba, kabla ya kutulia kwenye bonde la Kilombero, upande ipitako reli ya TAZARA.

Kabla ya bwawa, maji yaliyopita hapo yalikuwa wastani wa mita za ujazo 16 kwa sekunde. Ni kama tani 16 za maji zinazotupwa chini kila sekunde, usiku na mchana, masika na kiangazi. Maji mengi hivyo yakipiga mwamba hayabaki kuwa maji ya mto. Yanapasuka kuwa manyunyu, na upepo unaotokana na anguko lenyewe unayasukuma hadi kwenye miteremko ya pembeni. Kwa hiyo kando ya maporomoko palikuwa na vipande vya ardhi ambavyo havikujua kiangazi. Msitu ulishindwa kusimama hapo. Badala ya miti, mwamba ulivikwa zulia la mimea mifupi ya jamii ya selajinela, kuvumwani na majani, vyote vikidondoka maji muda wote. Ukijumlisha vipande hivyo unapata hekta 2 hivi, eneo linaloenea kwenye viwanja vitatu vya mpira.

Humo ndimo alimoishi chura huyu, na duniani kote hakuwa na kwingine.

Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, msururu wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya, unapita Pare, Usambara, Uluguru na kwingineko, na kuishia hapa kusini. Misitu yake imetengana kwa muda mrefu sana, kila mlima kama kisiwa chenye bahari ya nchi kavu kuuzunguka, na kila kisiwa kimelea viumbe wake. Mtaalamu wa mimea au wa vyura anayepanda mlima wa Tao akashuka bila kitu kipya pengine hakutazama vizuri. Lakini hata kwa viwango vya Tao, hekta 2 ni kidogo. Ni miongoni mwa makazi madogo kabisa yaliyowahi kurekodiwa kwa mnyama mwenye uti wa mgongo.

Chura mwenyewe hana makuu. Dume hazidi sana sentimita 2, jike hafiki 3. Rangi yake ni njano ya haradali, na hana tundu la sikio linaloonekana nje. Ngozi ya tumbo ni angavu kiasi kwamba jike mwenye mimba unaweza kuwaona wanawe ndani. Naam, mimba, kwa sababu huyu hatagi mayai kwenye dimbwi na hana kiluwiluwi wa kuogelea. Anazaa watoto kamili, wenye miguu yote minne, wa milimita 5 hivi, weusi wa kuelekea zambarau. Ndugu zake wengi wa jenasi hiyo hiyo kwenye misitu mingine ya Tao nao huzaa, kwa hiyo desturi hii ni ya ukoo na haikubuniwa Kihansi. Ila ukifikiria mahali penyewe, unaona ilivyomfaa. Kiluwiluwi katika maji yale angefika Kilombero kabla hajaota mkia vizuri.

Sasa turudi kwa binadamu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa na njaa ya umeme. Gridi ilitegemea maji, na maji hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mto mmoja, Ruaha Mkuu, penye mabwawa ya Mtera na Kidatu. Mvua ikikosekana Ruaha, nchi nzima inaingia kwenye mgao. Aliyekuwa na saluni, mashine ya kusaga au jokofu la samaki miaka ile hahitaji kufafanuliwa. Kihansi ilionekana kama jibu la busara, na kwa kweli ukiusoma mpango ule leo bado unaona mantiki yake. Mto una mvua yake tofauti na Ruaha. Anguko ni refu mno, kwa hiyo maji kidogo yanatoa umeme mwingi. Huhitaji ziwa kubwa: ukuta wa mita 25 tu huko juu, kibwawa kidogo nyuma yake, handaki la kupitisha maji ndani ya mlima, na mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja chini ya ardhi. Hakuna bonde lenye rutuba linalozamishwa, wala umati wa watu wanaohamishwa kwa malori. Benki ya Dunia ilikubali kutoa mkopo, zikaungana nayo Norway, Sweden na Ujerumani miongoni mwa wafadhili wengine, na ujenzi ukaanza katikati ya muongo ule.

Tazama vizuri sifa hizo zote nilizozitaja. Zinahusu mahali maji yatakapojaa. Ziwa ni dogo, basi madhara ni madogo: ndivyo mabwawa yalivyopimwa tangu zamani, kwa ukubwa wa kinachozama. Lakini Kihansi ni mradi wa aina nyingine. Madhara yake hayakuwa pale maji yalipoongezeka. Yalikuwa pale yalipoondolewa, kwenye ule mkato wa mto kati ya ukuta wa juu na mitambo ya chini, ambao ungebaki mwamba mkavu huku maji yakipita gizani ndani ya handaki. Na mkato huo ulikuwa korongo ambalo karibu hakuna mwanasayansi aliyewahi kulitambaa. Ni pahali pa kuteleza na kuvunjika mguu, pana kelele, pana maji hewani, na kamera hazifanyi kazi. Kwa macho ya mhandisi lilikuwa pengo tupu kwenye ramani baina ya vitu viwili vyenye maana.

Utafiti wa kina wa viumbe wa korongo ulifanyika ujenzi ukiwa umeshapamba moto. Desemba 1996 timu ya watafiti, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa mmoja wa majina yanayohusishwa na kazi hiyo, ilikutana na vijichura vya njano ndani ya manyunyu, kwa maelfu. Mwaka 1999 vikapewa jina rasmi la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, neno la mwisho likitokana na Kilatini cha manyunyu. Mwishoni mwa mwaka huo huo na mwanzoni mwa 2000 maji yakageuzwa kuingia handakini. Yaani mnyama alipata cheti cha kuzaliwa na barua ya kufukuzwa nyumbani karibu kwa wakati mmoja.

Je, kulikuwa na uzembe? Swali hilo linataka jibu la haraka na mimi sina haraka nalo. Wakati huo Tanzania haikuwa na sheria inayolazimisha tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi. Baraza la Taifa la mazingira, NEMC, lilikuwepo tangu sheria ya 1983 lakini kama mshauri zaidi kuliko askari. Sheria yenye meno, ile Namba 20 ya 2004, ilikuja baadaye, na mradi wa mazingira wa Kihansi wenyewe ulichangia kuisukuma. Wafadhili walikuwa na kanuni zao, na kanuni hizo zilitimizwa kwenye karatasi. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kwamba mtu alimwona chura akaamua afe. Hakuna aliyeulizwa swali hilo, kwa sababu lilipokuja kuulizika jibu lake lilikuwa limeshamiminwa kwa zege.

Ndiyo maana ule mjadala wa magazetini na vijiweni wa "chura au umeme" haukuzaa kitu. Wapo waliocheka, kwamba nchi maskini inabembeleza vyura huku hospitali zinakosa taa. Wapo waliokumbusha methali tunayopenda kuwatupia wanaolalamika, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Safari hii ng'ombe alikuwa ameshakunywa maji yote, ndipo watu wakaanza kusikiliza kelele.

Manyunyu ya kukodi

Maji yalipogeuzwa, mtiririko kwenye korongo ulipungua kwa takriban asilimia 90. Kilichobaki kilikuwa kama mita za ujazo 2 kwa sekunde. Mto ulionekana bado una maji, na mpita njia angesema kuna tatizo gani. Tatizo ni kwamba manyunyu hayapungui kwa uwiano na maji. Maporomoko yenye maji kidogo hutambaa juu ya mwamba bila kupasuka, na ukungu unakoma. Zulia la selajinela likaanza kukauka na magugu ya kawaida yakaingia. Wakaingia pia siafu, ambao zamani manyunyu yaliwazuia, na kwa kijichura cha sentimita 2 siafu ni mwisho wa mjadala.

Hatua mbili zilichukuliwa. Ya kwanza ni safari. Mwishoni mwa 2000 vyura wapatao 500 walikusanywa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, kisha wakagawanywa kwenye bustani nyingine. Nitawarudia. Ya pili ndiyo inayonivutia zaidi kama kisa: mwaka 2001 korongo likafungwa mabomba. Maji yaliyochukuliwa sehemu ya juu yalishushwa kwa nguvu ya mteremko tu, yakapita kwenye machujio, yakatolewa kwa vinyunyizi vidogo vilivyopangwa juu ya ardhi oevu ili kuiga ukungu uliopotea. Ni mfumo ule ule wa kumwagilia kitalu cha maua, isipokuwa umening'inizwa kwenye ukuta wa korongo na mteja wake ni chura.

Na ulifanya kazi. Jambo hili husahaulika kwenye masimulizi mengi, labda kwa sababu linaharibu mtiririko wa msiba. Mimea ya ardhi oevu ikaanza kurudi palipofikiwa na vinyunyizi. Vyura, waliokuwa wamepungua, wakaanza kuongezeka. Hesabu ya Juni 2003 iliwakadiria kuwa 20,000 hivi. Fikiria ukiwa mhandisi au mhifadhi wa Kihansi mwezi huo. Nchi inapata umeme wake, chura anapata manyunyu yake. Ungeandika ripoti yenye kichwa cha habari cha ushindi, na usingekuwa umedanganya.

Miezi saba baadaye, Januari 2004, watafiti walitafuta korongo zima wakaona vyura watatu, na kusikia sauti za madume wawili. Mwaka 2005 ndipo alipoonekana wa mwisho.

Vinyunyizi vinatajwa kuharibika kwa muda katika kiangazi cha 2003. Lakini washukiwa wakuu ni wawili wengine. Katikati ya 2003 milango ya chini ya bwawa ilifunguliwa, maji mengi yakateremka korongoni pamoja na matope yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya ukuta. Matope hayo yalitoka huko juu penye mashamba, na mashamba hupigwa dawa za kuulia wadudu. Kinywaji cha chura kinapita kwenye ngozi yake, hanywi kwa mdomo kama sisi, kwa hiyo dawa kidogo kwenye maji ni nyingi kwake. Huyo ni mshukiwa wa kwanza. Wa pili ni kuvu aina ya kitridi, ambayo ilikutwa kwenye ngozi za vyura waliokufa mwaka huo. Kuvu hii huota kwenye ngozi ya nje, na kwa kuwa chura huingiza maji na chumvi kupitia ngozi hiyo hiyo, mizani ya mwili inavurugika mpaka moyo unasimama. Imeua vyura Amerika ya Kati, Australia na kwingine kwingi. Wanasayansi waliipa jina lake mwaka 1999, mwaka uleule chura wa Kihansi alipopewa lake.

Nani aliileta korongoni? Inaweza kusafiri kwenye maji, kwenye matope ya viatu, kwenye vifaa, kwenye mwili wa chura wa aina nyingine asiyeugua. Tangu korongo lifahamike, lilikuwa limetembelewa na mafundi, wapimaji, wahesabu vyura na waokoa vyura kuliko karne zote zilizotangulia. Wataalamu hawajakubaliana mlango ilioingilia, na wengi wanaona kwamba vyura waliokuwa wameshachoshwa na mabadiliko ya makazi walikuwa rahisi kuangushwa. Siwezi kumnyooshea mtu kidole. Lakini angalia jinsi kosa la pili linavyofanana na la kwanza. Mara ya kwanza tulipima maji yatakapojaa tukasahau yatakapokosekana. Mara ya pili tulijua kinachokosekana, tukakirudisha kwa ustadi, tukasahau kutazama kinachoingia. Tulidhani chura yule alihitaji manyunyu. Alihitaji pia kutofikiwa na mtu, na hilo halina bomba.

Mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili ukamwandika kwenye daraja la waliotoweka porini.

Wakimbizi wa New York na Ohio

Huko Marekani mambo hayakuwa mepesi. Mtu anaweza kudhani kufuga chura wa sentimita 2 ni kuweka maji na nzi. Wale 500 walianza kufa: minyoo ya mapafu, maambukizi, upungufu wa mwanga wa aina inayofaa na wa virutubisho. Bustani kadhaa zilipoteza wote. Ilifika hatua ambapo spishi nzima, ukiondoa waliobaki korongoni, ilikuwa na watu, samahani, vyura wasiofika 100. Mwishowe ni Bronx na Toledo, Ohio, ndizo zilizoshika siri ya mchanganyiko sahihi: taa za kutoa mionzi kama ya jua, ukungu wa mashine unaowashwa kwa saa, nzi wadogo wa matunda, nyenje waliozaliwa jana. Wafugaji walipopata mizani, chura akawarudishia fadhila kwa kuzaana. Kutoka makumi wakafika maelfu.

Kuna jambo la ajabu hapa ambalo sijaliona likizungumzwa sana kwetu. Kwa miaka kadhaa mnyama wa Tanzania, wa korongo moja la Udzungwa, alikuwa na vizazi vyote vilivyo hai vikiwa vimezaliwa Marekani, chini ya taa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusikia mngurumo wa Kihansi. Tumezoea kufikiri kwamba mnyama ni wa mahali kwa sababu yupo hapo. Huyu alikuwa wa mahali kwa sababu ya kumbukumbu ya watu na makaratasi.

Agosti 2010 vyura 100 walitua Dar es Salaam na kupelekwa kwenye maabara iliyojengwa kwa ajili yao Chuo Kikuu. Miaka miwili baadaye, Desemba 2012, zaidi ya 2,000 kutoka Bronx na Toledo wakarudishwa Kihansi kwenyewe. Inatajwa kuwa mara ya kwanza kwa amfibia aliyetoweka porini kurudishwa kwenye makazi yake ya asili. Hawakumwagwa tu. Kulikuwa na majaribio ya awali ya kupima kama korongo bado lina sumu au maradhi, na wengine walianza ndani ya vizimba vya wavu vilivyowekwa juu ya mimea ileile ya zamani. Watu wanaoingia korongoni sasa wana taratibu za kusafisha viatu na vifaa. Somo la 2003 lilisikika.

Tangu hapo kuachiliwa kumerudiwa mara kadhaa. Kwenye orodha ya kimataifa, tathmini ya 2015 ilimwacha palepale, miongoni mwa waliotoweka porini, kwa sababu kurudishwa hakujawa sawa na kurudi. Ili aondolewe hapo anatakiwa aishi, azae, na watoto wake wazae, bila kuongezewa vyura wapya wanaoletwa kwa ndege kutoka ng'ambo. Kuvu bado ipo. Siafu nao wapo.

Hesabu ambayo haikupigwa mapema

Nimesema mjadala wa chura au umeme haukuzaa kitu. Sio kwamba hapakuwa na hesabu ya kupigwa. Ipo, na ni ya darasani. Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde ikianguka mita 850 na kupita kwenye mtambo mzuri inatoa karibu megawati 7.5. Kwa hiyo zile mita 2 zinazoachwa zipite korongoni ni kama megawati 15 ambazo mitambo inazikosa. Kwenye kituo cha megawati 180 hiyo ni sehemu ya kumi na mbili. Ukitaka kuliachia korongo mita 4, unakosa megawati 30. Ukitaka 8, unakosa 60, mtambo mmoja mzima, na hapo waziri yeyote atakuuliza wakati wa mgao unalala wapi.

Hesabu hii ingeweza kupigwa mwaka 1990 kwenye karatasi moja. Ingeonyesha kwamba kati ya maji yote na maji sifuri kuna ngazi nyingi, na kila ngazi ina bei inayojulikana. Pengine mitambo ingekuwa midogo kidogo. Pengine handaki lingeanzia chini ya maporomoko ya juu yenye ukungu mzito, tukapoteza mita kadhaa za anguko na kubakiza korongo. Sidai kwamba ingewezekana kiuhandisi. Nadai kwamba mazungumzo hayo hufanyika wakati penseli iko mkononi. Zege likishakauka, mazungumzo yanabaki kuwa ya vinyunyizi.

Vinyunyizi vina tabia yao. Matundu yake ni madogo ili maji yatoke kama vumbi, na matundu madogo huziba kwa mchanga. Lazima mtu ateremke korongoni kusafisha machujio, wiki baada ya wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Maporomoko hayakuhitaji fundi. Tulichofanya Kihansi, kwa lugha ya nyumbani, ni kuchukua kazi iliyokuwa ikifanywa bure na mto na kuiandika kwenye bajeti. Miradi ya wafadhili ina tarehe ya kufungwa. Chura hana.

Na hatuzungumzii chura peke yake. Korongo hilo lina mkahawa wake wa porini, Coffea kihansiensis, ulioelezwa kisayansi mwaka 2004, na hauna makao mengine yanayojulikana. Ungetarajia nchi inayouza kahawa iwe imeusikia. Lakini mkahawa haukusafiri kwa ndege na haujawahi kuwa na picha nzuri ya njano gazetini, kwa hiyo umekaa kivulini mwa jirani yake maarufu. Wote wawili wanakunywa kwenye bomba moja.

Kwa wakulima wa juu, Kihansi imekuja kwa sura nyingine kabisa. Mtu anayelima kinyungu Mufindi hajawahi kumwona chura huyu na pengine hatamwona. Amekutana naye kama agizo: usilime karibu na chanzo cha maji, punguza dawa, ng'oa mikaratusi kwenye bonde. Kwake agizo la kulinda mitambo na agizo la kulinda chura yana sauti moja, ya ofisa aliyekuja na gari. Umeme unaotoka kwenye maji ya bonde lake ulipita juu ya kichwa chake kwa miaka mingi ukielekea mijini. Kama kuna kelele ambazo hazikusikika kwenye kisa hiki, naona ni hizo kuliko za chura.

Maji ya Kihansi yakishatoka kwenye mitambo yanarudi mtoni, yanaingia Kilombero, na Kilombero inaingia Rufiji, ambako yanakutana na bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Ukiliweka kando ya hilo, Kihansi inaonekana kitoto. Lakini mwaka 2000 haikuwa hivyo. Ilikuwa tegemeo, na mwaka 2006 Mtera ilipokauka na nchi ikarudi kwenye mgao mkali, hakuna aliyethubutu kusema maji ya Kihansi yaachiwe yaanguke bure.

Pale Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wale 100 wa 2010 walihitaji baridi kuliko ya jiji, taa za mionzi na pampu ya kutengeneza ukungu kila baada ya muda. Vyote hivyo vinakwenda kwa umeme wa gridi, na sehemu ya gridi hiyo inatoka Kihansi.